Madafu Yaliyorudishwa Mlangoni

Wodi ya wanaume, Anuradhapura
3 Machi 2008

Akka,

Dada yangu, ni mimi mdogo wako Jayatissa. Usishtuke ukiona mwandiko wangu. Shangazi Podimenike alitaka akuandikie yeye, nikasema hapana, akiandika yeye utalia bure, nitaandika mimi.

Baba anaumwa. Ni homa ya panya. Tulikuwa tunavuna kwa Mzee Mudiyanse, baba alikuwa na mchubuko kisiginoni, akaingia matopeni hivyo hivyo. Afisa wa afya alikuwa amepita na vidonge vya kuzuia hiyo homa. Wote tulimeza, baba akasema yeye atameza kesho. Homa ikampata, miguu ikamuuma mpaka hasimami. Akawa anameza vidonge vya maumivu vya dukani, vingi. Mimi nilikuwa namwangalia tu. Macho yalikuwa mekundu, halafu yakawa ya njano. Nikaona hatoki nje kukojoa. Hapo nikaenda kuita bajaji bila kumuuliza mtu.

Mkojo ulikuwa kama chai kavu iliyokolea, halafu ukakata kabisa. Wamemtia mpira shingoni, damu inatoka, inapita kwenye mashine, inasafishwa, inarudi. Mara ya kwanza nilitoka nje. Mara ya pili nilikaa. Daktari anasema vijidudu vimekufa kwa sindano, kilichobaki ni figo. Zikiamka, tunarudi nyumbani. Zisipoamka, baba atakuwa mtu wa mashine maisha yake yote, kuja mjini kila wiki na kurudi. Halafu daktari akaanza kumuuliza baba mambo ya zamani. Baba akanituma nikamnunulie gazeti. Baba hasomi bila miwani, na miwani iko nyumbani. Nikaenda.

Kazi yangu hapa ni chupa ya mkojo. Nesi ananiita Bubu. Akipita anauliza, "Bubu, chupa ina kitu?" Natikisa kichwa. Mgonjwa wa pembeni kaniambia siku ikiingia kitu nipige yowe, wodi nzima ishangilie.

Baba anasema usirudi, umalize mkataba wako. Nakuinamia miguuni.

Jayatissa


Kuwait
17 Machi 2008

Malli, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma bafuni, maji nimefungulia ili tajiri yangu asinisikie nikilia. Nilipofika kwenye hiyo chupa yako nikacheka. Sasa sijui alisikia kipi.

Asante. Wewe ndiye ukitumwa kuazima chumvi kwa jirani unarudi mikono mitupu unasema hapana mtu, kumbe ulisimama nyuma ya ua ukaona haya kubisha hodi. Leo umeita bajaji, umembeba baba, unakaa na mashine ya damu. Mimi mkubwa wako sijui kama ningeweza. Nimewasha taa ndogo ya mafuta jikoni kwa ajili yenu wote wawili, tajiri kaniuliza umeme umekatika au vipi.

Simu napewa mara moja kwa mwezi, na ukipokea wewe unapumua tu, dakika zinakwisha nasikiliza pumzi. Kwa hiyo andika.

Sasa nisikilize. Baba akitoka huko, dafu. Yale yetu mekundu, siyo ya kijani. Unakumbuka mama alivyokuwa akitunywesha tukishikwa na homa? Dafu linasafisha mkojo, linaamsha figo, hata madaktari wanajua ila hawasemi. Asubuhi kabla hajatia kitu tumboni, na jioni. Usisahau hata siku moja. Mimi mbali, mkono wangu ndio huo dafu.

Yule mwalimu wa Medawachchiya niliyetafutiwa na Shangazi anioe kaandika tena. Mama yake anauliza habari za nyumba yetu, unajua siku hizi wanavyouliza kwanza kama kuna ugonjwa wa figo, ulivyojaa kwetu. Nimemjibu nyumba yetu haina ugonjwa wowote, ina kijana mmoja asiyeongea tu.

Mshike baba miguu kwa niaba yangu.

Dada yako,
Kusumalatha


Nyumbani
6 Aprili 2008

Akka,

Mkojo umekuja. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikaona chupa ina kitu. Nilitaka kupiga yowe kama nilivyoambiwa, sauti haikutoka. Nikainua chupa juu kwa mikono miwili. Wodi nzima ikapiga makofi, hata wale waliokuwa kwenye mashine walipiga kwa mkono mmoja. Nesi akasema, "Bubu leo kahutubia." Baba alilia. Sijawahi kumwona baba analia, hata siku ya kumzika mama.

Mpira wameutoa shingoni, tuko nyumbani. Lakini daktari kasema tusishangilie mapema. Figo zinaweza kuamka halafu zikalala tena. Miezi mitatu toka mkojo urudi ndiyo itasema kama zimesimama au zinaendelea kushuka. Tunarudi katikati ya Juni. Siku hiyo ndiyo tutajua mambo ya mashine.

Tulipofika nilikuta mpunga wetu umevunwa wote, umepurwa, umefunikwa. Ni Mzee Mudiyanse. Alikusanya watu, wakaanza na shamba letu, lililobaki la kwake likangoja. Niliona miundu ya kila mtu imeegemezwa ukutani kwetu, nikaijua yote ni ya nani. Nilitaka kwenda kushukuru nyumba kwa nyumba. Nimekwenda kwa ng'ombe.

Baba anakula kidogo. Miguu haijavimba, naibonyeza kila asubuhi na kidole kuona kama panabaki shimo. Halibaki.

Ya dafu nimesoma.

Mwalimu ni mtu mzuri?

Jayatissa


Kijijini
19 Aprili 2008

Mwanangu Kusumalatha,

Kalamu nimeazima, miwani nimeazima, hasira tu ndiyo yangu.

Baba yako anaendelea, tunashukuru. Huyu ndugu yako ndiye sijui kaingiwa na nini. Siku ya Mwaka Mpya wetu, huu wa Aprili, wali wa nazi umeiva, watu wana nguo mpya, Mudiyanse kaja na kichala kizima cha madafu mekundu begani. Mzee wa watu, jasho linamchuruzika. Kayaangusha kwenye mnazi wa mbele ya nyumba yake, ule ambao wajukuu wake wakiutazama tu anawakemea. Jayatissa kasimama mlangoni kama nguzo.

"Mpishe mzee," namwambia.

"Hapana."

"Hapana nini wewe?"

"Baba hanywi."

Mudiyanse kacheka. "Hanywi dafu? Kawa Mzungu lini?"

Wote tumecheka, yeye hacheki. Kamtua mzee kichala begani, kwa adabu kabisa, kakibeba yeye mpaka barabarani, kakiweka chini. Halafu karudi kusimama pale pale mlangoni! Mwanangu, mtu aliyetuvunia mpunga! Mudiyanse kaenda barabarani. Kaokota madafu yake kaondoka, na wali hakuuonja.

Toka siku hiyo wanarudishwa wote. Mke wa fundi cherehani kaleta moja tu, kafunika na kitambaa, naye karudishwa na kitambaa chake. Mimi mwenyewe nilijaribu kuingiza moja kwa mlango wa nyuma chini ya kanga, kijana kanitazama tu, nikalitoa. Na baba yako kitandani amegeukia ukuta, hasemi kitu, anapewa maji matupu kama kuku.

Watu wanaongea. Wanasema anamkausha mzee ili shamba liwe lake. Mimi siamini. Lakini nikimuuliza sababu, ananiangalia miguu.

Mwandikie wewe. Wewe akikuogopa atasema.

Shangazi yako,
Podimenike


Kuwait
5 Mei 2008

Jayatissa,

Leo sikuiti malli.

Nimeambiwa. Usitafute aliyeniambia, ni kijiji kizima. Nilikuomba kitu kimoja. Kimoja tu! Sikukuomba ujenge nyumba, nilikuomba umpe baba yetu anachokunywa kila mgonjwa aliyezaliwa kisiwani kwetu. Ukanijibu "ya dafu nimesoma." Umesoma! Kumbe ulikuwa unasoma tu.

Mimi huku napiga magoti nasugua sakafu ya watu, moyoni nasema sasa hivi baba anakunywa, sasa hivi anapata nguvu. Ndiyo ilikuwa raha yangu. Na wewe umesimama mlangoni kumfukuza Mzee Mudiyanse, aliyekubeba mgongoni ulipoumwa na nyoka. Mbele ya watu. Siku ya Mwaka Mpya.

Kama kuna sababu, iseme. Kama hakuna, mpishe Shangazi amhudumie, wewe nenda kwa ng'ombe wako, hao hawahitaji maneno.

Nimeandika kwa hasira na sitaisoma tena nisije nikaichana.

Kusumalatha


Nyumbani
20 Mei 2008

Akka,

Barua yako nilikwenda kuisomea ukingoni mwa bwawa, nikakaa mpaka ng'ombe wakachoka kunisubiri. Sikukasirika. Ningekuwa wewe ningeandika hivyo hivyo.

Sababu iko. Baba alinikataza. Sasa naisema.

Baba ana ugonjwa wa figo toka kabla hujaenda Kuwait. Zile safari za mjini kuuliza bei ya mbolea zilikuwa safari za kliniki. Mimi nilijua kule wodini. Aliponituma gazeti nilirudi mapema, nikamsikia daktari anasema, "Mzee, figo zako zilikuwa zimebaki nusu hata kabla ya homa. Mwenye figo nzima homa hii ikimpiga, mara nyingi anainuka. Wewe imekukuta umeshainama." Baba aliponiona akanishika kiganja. Akasema, "Kusuma asijue. Na kijiji kisijue. Tukiitwa nyumba ya figo nani atamwoa mtoto wangu?" Nikakubali. Kumbe hata vile vidonge vya afisa wa afya hakumeza kwa ajili hiyo, aliogopa vitachosha figo na hakutaka kuuliza mbele za watu. Daktari kasema visingemdhuru chochote. Vilivyomdhuru ni vile vya maumivu.

Sasa la dafu. Kitanda cha pembeni yetu alikuwepo yule mzee aliyeniambia nipige yowe. Naye alikuwa wa mashine. Watoto wake walikuja kumwona mchana, wametoka mbali, wana furaha, wamebeba madafu kwenye mfuko. Nesi alikuwa upande wa pili. Binti yake akakata moja, akamshikia. Mzee akanywa lote, akasema "aah", sote tukatamani. Wakakaa wanaongea. Baadaye akasema mikono inamfa ganzi. Halafu akanyamaza. Madaktari walikuja mbio wakamkandamiza kifua, sana, hakurudi. Binti alikuwa bado ameshika dafu tupu, hajui aliweke wapi. Mimi ndiye niliyelipokea mkononi mwake.

Jioni nesi alikuja kwangu, macho mekundu. Akasema, "Bubu, nakwambia wewe kwa sababu baba yako kila kitu anaitikia ndiyo. Dafu lina chumvi yake. Siyo hii ya kupikia, huisikii ulimini. Figo nzima inaitoa kwenye mkojo. Figo mbovu inaiacha kwenye damu, inajaa, moyo unakosea kupiga. Wewe kunywa, ni zuri. Yeye hapana, na ndizi nyingi hapana, mpaka tutakapompima tuseme."

Kwa hiyo ulipoandika nimpe asubuhi na jioni, nilisoma nikaona baridi.

Kuwaambia watu ni figo, nimekatazwa. Kudanganya siwezi, masikio yanawaka moto kila mtu anaona. Nilifikiri nipokee halafu nimwage nyuma ya nyumba. Lakini unajua kwetu. Mleta dafu haondoki mpaka amwone mgonjwa amekunywa, ndiyo roho yake inatulia. Na baba akishikishwa dafu na mgeni, atakunywa tu, hawezi kumwaibisha mgeni. Angekufa kwa heshima. Nikaona pa kusimama ni mlangoni.

Lakini barua yako iliniuma kwenye jambo la Mzee Mudiyanse. Nilichuma tambuu, nikapanga majani vizuri kama aombaye radhi, nikaenda kwake. Nilipita nyumba yake, nikarudi, nikapita tena. Mkewe akapaza sauti, "Jayatissa, unapima barabara?" Nikaingia. Nikampa mzee tambuu kwa mikono miwili, nikamwinamia miguuni, sikuinuka. Ukiwa chini huoni uso wa mtu, inakuwa rahisi kusema. Nikasema yote, nikiiambia miguu yake. Figo za baba, yule mzee wa kitanda cha pembeni, nesi. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo kwa siku moja.

Mzee aliweka tambuu pembeni. Halafu akasema, "Inuka." Nikainuka. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Baba yako Heenbanda anakwenda kliniki ya figo ya Jumanne?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo siku ile..." Akamwangalia mkewe. "Siku ile nimemkuta kwenye benchi la kliniki, akaniambia kamsindikiza mgonjwa."

"Na wewe ulimwambia nini?" mkewe akauliza.

"Nilimwambia nimemsindikiza mgonjwa."

Akka, wote wawili! Wamekaa benchi moja asubuhi nzima, kila mmoja anamsubiri mgonjwa ambaye hayupo, hakuna anayekubali kuitwa jina kwanza. Mkewe Mzee Mudiyanse alicheka mpaka akakaa chini, halafu nikaona kile si kicheko tena. Alikuwa hajui kama mumewe naye ni mgonjwa wa figo. Mzee akasema kliniki walimwambia aache dafu, naye akajiambia wale wanajua ya kwao, dafu ni la kwetu, litanidhuru vipi. Alikuwa anakunywa kila siku kabla ya kutoka.

Alinisindikiza mpaka njia panda. Akanishika kichwa, akageuka kurudi kwake. Tulielewana.

Nimevunja ahadi ya baba na nyumba yako labda nimeivunja. Nisamehe hilo. La dafu sikuombi msamaha.

Jayatissa


Kuwait
4 Juni 2008

Malli wangu,

Nimeshindwa kuandika siku nyingi. Kila nikianza naona ile sentensi yangu, asubuhi kabla hajatia kitu tumboni, na jioni. Ungekuwa kijana mtiifu ningekuwa nimemwua baba yangu kwa barua, kwa mapenzi yangu yote, na nikamshukuru aliyenisaidia.

Asante hukunitii. Asante ulisimama pale na ukanyamaza walipokutukana, nami nikiwa mmoja wao. Sina kitu cha kukupa kinachofanana na hicho. Nimemwambia Mfilipino ninayelala naye chumbani, kaniambia, "Huyo mdogo wako tuletee hapa, amsimamie tajiri mlangoni." Tumecheka hadi tumegongewa ukuta.

Nyumba yangu hujaivunja, hiyo nimeivunja mwenyewe. Nimewaandikia mwalimu na mama yake. Nimesema niliposema nyumba yetu haina ugonjwa sikujua, sasa najua, baba ana figo, na homa imezikuta. Akiogopa, aogope sasa kabla sijanunua sari ya harusi. Mwambie baba hivyo. Mwambie sikuondoka nyumbani ili yeye aumwe kwa siri kwa ajili ya harusi. Mwambie taratibu, lakini mwambie.

Tarehe yenu inakaribia. Usiku nafumba macho naona ile mashine, ingawa sijawahi kuiona. Nimekata nywele zangu kidogo nikazifunga kwenye karatasi, nikirudi nitazipeleka kwenye mti mtakatifu, nimeahidi. Chochote watakachosema, hata kibaya, niandikie hivyo hivyo walivyosema.

Dada yako asiyestahili,
Kusumalatha


Nyumbani
21 Juni 2008

Akka,

Hakuna mashine.

Naandika hilo kwanza ili ukae. Daktari alisoma karatasi, akasoma tena, akageuza ya zamani akalinganisha. Mimi nilikuwa naangalia nyusi zake. Akasema, "Zimesimama." Akasema siyo pale zilipokuwa kabla ya homa, kipande hiki cha mwisho homa imekwenda nacho na hakitarudi, tusidanganyane. Lakini zimeacha kushuka. Zilizobaki zinatosha kwa kuishi kama zikitunzwa. Kliniki kila mwezi, dawa ya presha, chumvi kidogo, vidonge vya maumivu vya dukani mwiko, homa yoyote ikija asingoje kesho, na akiingia shambani msimu wa homa ameze vile vidonge na avae viatu. Dafu bado hapana. Baba akaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Daktari akanigeukia mimi akasema, "Na wewe?" Nikasema, "Nimesikia." Nesi alikuwa mlangoni, akapiga kofi, "Bubu kaongea!"

Tulirudi na Mzee Mudiyanse. Sasa wanakwenda pamoja, wanashuka kituo kimoja, wanabishana njia nzima nani ana damu chafu kuliko mwenzake. Chumvi ya damu yake Mzee imeshuka toka alipoacha dafu. Mkewe kautundikia ule mnazi kitambaa chekundu, mtu asipande.

Nilimwambia baba uliyosema. Niliogopa sana. Akauliza, "Kusuma kaandika hivyo, kwa mkono wake?" Nikamwonyesha. Aliomba miwani. Toka siku hiyo anawaambia watu mwenyewe. Nyumba mbili tayari zimesema na wao wana mgonjwa wa figo. Na Shangazi ndiye anayekaa mlangoni sasa, anafukuza hata wasiobeba kitu.

Jioni baba alikaa na mimi akasema niandike maneno yake kwako. Haya hapa.

Baba anasema anashukuru daktari na nesi. Anashukuru waliovuna. Anakushukuru wewe kwa kumwambia mwalimu. Anasema asante.

Jayatissa


Kuwait
5 Julai 2008

Malli,

Nimepiga kelele jikoni, sahani imevunjika, na tajiri yangu, sikutegemea, kanishika mabega akauliza ni nini. Nikamwambia baba yangu anaishi. Alilia na yeye. Baba yake alikuwa na ugonjwa huo huo, sikujua, miaka mitatu napangusa picha yake. Kanipa simu, kasema mpigie hata sasa hivi. Nimesema kesho, leo sitaweza kuongea, na nyumbani yuko mmoja tayari asiyeweza.

Mama wa mwalimu hajajibu. Mwalimu mwenyewe kauliza baba anaruhusiwa kula samaki gani. Sijui hiyo ni ndiyo au ni udadisi, lakini nimemwandikia majina ya samaki.

Sasa wewe. Mimi nakujua toka ulipokuwa unatambaa. Baba amekaa jioni nzima kukuamuru uandike, halafu nimepata mistari minne? Kuna asante kwa daktari, kwa nesi, kwa wavunaji, kwangu mimi niliyekuwa nataka kumnywesha sumu. Halafu karatasi imekwanguliwa mpaka inaonyesha upande wa pili. Kilikuwepo kitu hapo ukakifuta.

Rudi kwa baba. Aseme tena. Andika yote kama alivyosema, hata kama masikio yanawaka.

Dada yako,
Kusumalatha


Nyumbani
20 Julai 2008

Akka,

Nimemsomea baba barua yako. Akasema, "Nilijua, kalamu yake ilikuwa inakwenda fupi kuliko mdomo wangu." Sasa amekaa karibu yangu kabisa, miwani amevaa, anaangalia kila neno ninaloandika. Kuanzia hapa ni yeye.

Kusuma. Huyu mtoto nilifikiri mungu wetu wa msitu kasahau kumpa ulimi. Siku ya Mwaka Mpya nililala nikasikia kila kitu mlangoni. Nilisikia wanamwita mchoyo, nilisikia ya shamba. Neno moja tu kutoka kitandani lingemwokoa, na lilikuwa neno langu, siyo lake. Nikageukia ukuta. Yeye akaingia, akanibonyeza miguu kama kawaida, akauliza kama nina kiu.

Nilikuwa na kiu. Nilikuwa na kiu ya dafu mpaka naota. Kuna siku nilimtukana. Hajakuandikia, najua. Nilimwambia toka mbele yangu, akatoka, akasimama dirishani, naona kichwa chake.

Sasa naamka asubuhi, naenda nyuma ya nyumba mwenyewe kwa miguu yangu, nakojoa kama mtu. Usicheke. Wewe bado kijana hujui ni kitu gani hicho. Kila mara nikimaliza nasema asante, na ninayemwambia yuko zizini anakamua.

Andika, namshukuru mwanangu Jayatissa.

Andika.

Anangoja mpaka niandike, Akka.

Namshukuru mwanangu Jayatissa. Anasema hii barua nisitie jina langu, ni yake. Anachukua kalamu.

Heenbanda, baba yenu